Uso Unapowaka

Mama, uso wako unawaka na wekundu hauishi? Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane wazi, bali utahisi joto na mwasho. Chunguza krimu unayopaka. Baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi: mwanzoni hutuliza, baadaye ngozi huwa nyembamba, na ukiiacha uso huwaka zaidi. Ndipo wengi huirudia. Usihangaike peke yako. Ichukue uende nayo zahanati, uelekezwe namna ya kuiacha. Osha uso kwa maji yasiyo moto, paka mafuta yasiyo na manukato, jifunike leso juani. Mtoto usimpake krimu hiyo kamwe.