Fasili Kabla ya Picha: Kufundisha Msamiati wa Msingi wa Jiometri katika Sekondari



Mada yangu inahusu maneno ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza huamini anayajua: nukta, mstari, pembe, pembetatu, mraba, mstatili. Ameyasikia tangu shule ya msingi na maumbo yake huyachora bila kusita. Lakini mwulize kama mraba ni mstatili. Wengi hujibu hapana, tena kwa uhakika.

Kwa fasili tunayoitumia leo, jibu ni ndiyo. Mstatili ni pembenne ambayo pembe zake zote zina nyuzi 90, na mraba unazo. Hakuna mahali fasili inapodai kwamba upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine. Dai hilo limetoka ubaoni, kwa sababu miaka yote tumechora mstatili uliolala, mrefu kuliko upana wake, hadi mchoro ukachukua nafasi ya maana. Ndivyo pia pembetatu iliyosimama kwa ncha inavyoonekana kwa mwanafunzi kuwa umbo jingine, na pembe yenye mikono mirefu inavyoonekana kubwa kuliko yenye mikono mifupi. Pembe ni kiasi cha mgeuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mikono hata ikirefushwa hadi ukutani, nyuzi ni zilezile.

Walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walilichunguza jambo hili na mwaka 1957 wakawasilisha tasnifu zao za udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Walieleza kwamba mwanafunzi hulitambua umbo kwanza kwa sura yake, kisha kwa sifa zake, na baadaye tu huanza kuona jinsi sifa moja inavyozaa nyingine. Uthibitisho huja baada ya hapo. Mwalimu anayezungumza kwa ngazi ya uthibitisho na mwanafunzi aliyebaki kwenye ngazi ya sura hutumia maneno yaleyale bila kuelewana. Naamini hapo ndipo wanafunzi wetu wengi hupotelea, na wao huondoka wakidhani hawana akili ya hisabati.

Tuanze na maneno ya chini kabisa. Euclid, aliyefundisha Aleksandria nchini Misri takriban mwaka 300 KK, alifungua kitabu chake cha kwanza kwa fasili 23, na nukta ni miongoni mwake. Mwaka 1899 Mjerumani David Hilbert aliamua kuacha nukta, mstari na bapa bila fasili, akaeleza tu uhusiano kati yake. Kwa mwalimu, somo hapa ni jepesi: tusimkaririshe mtoto fasili ya nukta. Tumfundishe kwamba kwenye nukta mbili tofauti hupita mstari mnyoofu mmoja tu, kisha tumpe nafasi ya kuitumia kauli hiyo. Atofautishe pia mstari usio na mwisho pande zote mbili, mwale wenye mwanzo mmoja, na kipande cha mstari chenye ncha mbili. Kipande ndicho chenye urefu wa kupimika.

Sasa twende kiwanjani, fundi anapopanga msingi wa nyumba. Amefunga kamba kwenye vigingi. Ili apate kona ya skwea, hupima futi 3 upande mmoja wa kona na futi 4 upande wa pili, kisha husogeza kamba hadi umbali kati ya alama hizo mbili uwe futi 5. Tukiulizwa, tutasema anatumia kanuni ya Pythagoras. Kanuni hiyo husema kwamba ikiwa pembetatu ina pembe mraba, basi kipeo cha pili cha upande mrefu ni jumla ya vipeo vya pili vya pande nyingine mbili. Fundi hana pembe mraba bado, ndiyo anayoitafuta. Anatumia kauli iliyogeuzwa: kwa kuwa 9 na 16 ni 25, basi pembe ni mraba. Euclid alizithibitisha kauli hizo kila moja peke yake, na ndizo zinazofunga kitabu chake cha kwanza, ya 47 na ya 48. Alihitaji kufanya hivyo, maana si kila kauli ya kweli hubaki kweli ikigeuzwa.

Baadaye fundi hupima kona kwa kona. Vipimo viwili vya ulalo vikiwa sawa, huridhika. Je, ana haki? Trapeza yenye pande mbili za mshazari zilizo sawa nayo ina mistari ya ulalo iliyo sawa, na si mstatili. Kipimo cha ulalo peke yake hakitoshi. Lakini fundi alikwisha kuhakikisha kwamba pande zinazokabiliana ni sawa, kwa hiyo mkononi mwake ana msambamba. Uite ABCD. Pembetatu ABC na BAD zina upande AB kwa pamoja. BC ni sawa na AD. AC ni sawa na BD kwa kipimo chake. Pande tatu kwa tatu ni sawa, basi pembetatu hizo zinalingana kabisa, na pembe iliyopo B ni sawa na iliyopo A. AD na BC ni sambamba, kwa hiyo pembe hizo mbili zikijumlishwa ni nyuzi 180. Kila moja ni nyuzi 90.

Nimeuleta uthibitisho huu wote kwa makusudi. Ndani yake kuna msambamba, ulalo, mistari sambamba, pembetatu zinazolingana na pembe mraba, na kila neno limeingia kwa sababu hoja ililihitaji. Mwanafunzi aliyeupitia hivi hatalisahau neno ulalo, na hatahitaji orodha ya kukariri.

Euclid mwenyewe hakuuhesabu mraba kuwa aina ya mstatili. Fasili yake ya umbo refu la pembe mraba iliutoa nje. Sisi tumechagua kuuingiza, kwa sababu lolote tutakalothibitisha kuhusu mstatili litaufaa mraba bila kuanza upya. Fasili, basi, ni uamuzi wenye sababu, na wanafunzi wana haki ya kuelezwa sababu hiyo.

Kwa kazi ya vikundi naomba tuchukue trapeza. Vitabu vingine hudai jozi moja tu ya pande sambamba, vingine angalau jozi moja. Kila kikundi kichague fasili, kiamue kama msambamba ni trapeza, kisha kijaribu kanuni ya eneo, yaani nusu ya jumla ya pande sambamba mara kimo, kwenye msambamba, na kieleze matokeo hayo yanaunga mkono fasili ipi.