Kengele Iliayo Ovyo Hailindi Mtambo



Wahenga walisema kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Kwa mwenye nyumba msemo huo ni faraja. Kwa mlinzi wa mtambo ni hatari. Kengele ya hadhari iliayo kila mara bila sababu humzoeza msikilizaji kutoijali.

Tarehe 24 Julai 1994, mlipuko ulitokea katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco, Milford Haven, nchini Wales, baada ya radi za asubuhi kuvuruga mitambo. Vali moja ilikuwa imefungika, nacho chombo kikionyesha kuwa i wazi. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulibainisha kwamba katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walililiwa na kengele 275. Hakuna binadamu awezaye kuzipambanua zote. Watu 26 waliumia.

Ubaya huo hauchagui ukubwa wa kiwanda. Chama cha wafugaji hupoza maziwa tangini hadi nyuzi 4 za Sentigredi. Kengele ikipangwa ilie kwenye nyuzi 5, italia kila yamiminwapo maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, ingawa mtambo ni mzima. Haupiti muda mrefu, mhudumu ataukata waya. Kompresa ikisimama usiku, hapatakuwa na cha kumwamsha, na jasho la wanachama litamwagwa asubuhi.

Dawa si kuinyamazisha kengele, bali kuirekebisha. Kwanza, isilie mpaka joto lizidi kiwango kwa muda upitao ule ambao mtambo huhitaji kuyapoza maziwa mapya. Pili, kiwango cha kunyamaza kiwe chini ya kile cha kulia. Vikilingana, kengele italia na kunyamaza kila joto lichezapo. Tatu, kila kengele iwe na kitendo chake, kilichoandikwa ukutani. Isiyodai kitendo ni taarifa tu. Mahali pake ni daftarini.

Katibu na afungue daftari lenye safu tatu: saa ya kulia, sababu, na hatua iliyochukuliwa. Kamati ilisome kila mwezi. Kengele ambayo safu yake ya tatu i tupu daima ndiyo ya kurekebishwa kwanza, kwa mkono wa fundi na idhini ya Kamati, wala si kwa kisu cha mlinzi wa zamu aliyechoka.