Tanuru Halivukutwi na Mtu Mmoja
Mada kuhusu malezi ya vijana katika kazi ya pamoja na ubunifu



Wazazi wengi wenye watoto wa sekondari wamewahi kuona kazi ya kikundi ikiletwa nyumbani. Mara nyingi mwanafunzi mmoja huiandika usiku kucha, na wenzake wanne huongeza majina yao asubuhi. Alama hugawanywa sawa, maarifa hayagawanywi. Mmoja amejifunza kubeba wenzake, wanne wamejifunza kubebwa. Ushirikiano haujafundishwa hapo, hata kama kazi imeitwa ya kikundi.

Namna bora ya kuufundisha haipaswi kutafutwa mbali. Katika ardhi hii ya Buhaya, kuanzia Kemondo hadi Katuruka kule Maruku, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Mwaka 1976, wazee wa Kihaya walijenga upya tanuru la jadi mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt, ingawa kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi. Matokeo ya utafiti huo, ulioandikwa na Schmidt pamoja na Donald Avery, yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978, na dunia ikatambua kwamba mababu wa eneo hili walikuwa mafundi wa hali ya juu.

Kazi ile haikuweza kufanywa na mtu mmoja. Palihitajika wa kuchoma makaa, wa kutafuta mawe yenye chuma, wa kuleta udongo wa kichuguu, wa kukata nyasi za kinamasi na wa kufinyanga mabomba ya udongo. Mabomba hayo yaliingizwa ndani ya tanuru, na kwa maelezo ya Schmidt na Avery, hewa ya mivukuto ilipata joto kabla ya kuufikia moto. Huo ndio ubunifu uliowashangaza wataalamu. Wavukutaji nao walipaswa kwenda kwa mwendo mmoja, wakisaidiwa na nyimbo. Mvukutaji mmoja akilegea, moto hupungua, na hasara huwa ya wote.

Katika tanuru hilo yamo mafunzo matatu ya malezi. La kwanza, kijana apewe kazi ambayo kweli haiwezi kukamilishwa na mtu mmoja: igizo, bustani ya shule, gazeti la ukutani, au ukarabati wa uwanja wa mtaa. La pili, kila mmoja awe na sehemu yake inayotegemewa na wenzake, na sehemu hizo zibadilishwe, ili mwandishi wa leo awe mpimaji wa kesho. La tatu, waachwe wajaribu. Mtu mzima anayekimbilia kurekebisha kila kosa huwanyima nafasi ya kukaa pamoja, kuulizana kilichoharibika na kubuni njia nyingine.

Lipo pia jambo lisilofaa kurithiwa. Kwa mila, wanawake hawakuruhusiwa kukaribia tanuru. Leo kikundi kinachomwachia msichana kupika na kufagia, huku wavulana wakipanga na kuamua, kinapoteza nusu ya akili zake.

Mafunzo haya yana uzito hata nje ya darasa. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida mikopo ya vijana hupitia vikundi. Kijana asiyejua kugawana kazi, kutunza kumbukumbu wala kupingana kwa heshima atafikisha umri wa miaka 18, atajiunga na kikundi, na kikundi kitavunjika kabla ya marejesho. Deni litabaki, na urafiki utakwisha. Ushirikiano haufundishwi siku ya kusaini mkataba. Unajengwa akiwa bado na miaka 13 au 14.

Kwa hiyo wazazi wanaombwa kuanza na swali moja. Mtoto anaporudi na kazi ya kikundi, asiulizwe tu amepata alama ngapi. Aulizwe: wewe ulifanya sehemu ipi, mwenzako alifanya ipi, na mlipotofautiana mliamuaje? Akishindwa kujibu, mzazi na mwalimu wakutane wazungumze. Vijana walio nje ya shule, pamoja na wazazi wao, wanakaribishwa kufika kwa Mtendaji wa Mtaa au Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ili kupata maelezo ya uundaji na usajili wa vikundi.

Wazee wa Buhaya walikuwa na ujuzi uliogawanyika katika vichwa vingi. Chuma kilipatikana walipouweka pamoja. Vijana wa Miembeni nao wana vipaji vya kutosha. Wanachohitaji ni watu wazima wa kuwapa kazi moja na kuwaamini nayo.