Mashua za Mbio na Watu Waliozipenda



Wengi wenu mkaao karibu na bahari, au kando ya maziwa yetu makuu, mwaijua sauti ya ile mashine ndogo ipachikwayo tezini mwa mashua. Alfajiri husikika wavuvi wakirudi, na jioni wasafiri wakivushwa kutoka kisiwa hata kisiwa. Ni chombo cha kazi, tena kazi nzito. Lakini zamani mashine hiyo ilikuwa pia chombo cha mchezo, na leo twapenda kuwasimulia habari za mchezo huo kama zilivyokumbukwa na watu wa Marekani walioucheza tangu miaka ya 1920. Wengi wao walikuwa watu wa ridhaa, yaani watu walioshindana kwa mapenzi, bila ujira. Katika mchezo wao mna mafunzo mawili matatu yatufaayo sisi, na mojawapo laweza kumwokoa mtu asife maji.

Kwanza tuseme jinsi mashine yenyewe ilivyopatikana. Ole Evinrude alizaliwa katika nchi ya Norwei mwaka 1877, akachukuliwa na wazazi wake akiwa mtoto mdogo kwenda kukaa katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Alipokua akawa fundi wa vyuma katika mji wa Milwaukee. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto mwaka 1906, yeye na mchumba wake, Bess, pamoja na rafiki zao, walikwenda kupumzika katika kisiwa kilicho ziwani. Bess akatamani aiskrimu. Ole akapiga makasia kwenda ng'ambo kununua, akarudi akitoka jasho, na aiskrimu imekwisha yeyuka. Tangu siku hiyo akawaza kutengeneza mashine ya kuchukua mahali pa makasia.

Hakuwa mtu wa kwanza kuwaza hivyo, kwa maana mwenzake mmoja, Cameron Waterman, alikuwa amekwisha mtangulia kuuza mashine za namna hiyo. Lakini mashine ya Evinrude iliyotoka mwaka 1909 ndiyo iliyoenea. Nguvu zake zilikuwa za farasi mmoja na nusu, uzito wake ratili 62, na bei yake dola 62. Bess, ambaye sasa alikuwa mkewe, ndiye aliyeshika vitabu vya hesabu na kuandika matangazo ya kuwavuta wanunuzi. Yafaa tulikumbuke jina lake pamoja na la mumewe, kwa kuwa ustadi wa fundi haufiki mbali pasipo mtu wa kuutangaza na kuuwekea hesabu.

Katika miaka iliyofuata mashine zilipunguzwa uzito na kuongezwa nguvu. Ole alitumia aluminiamu mahali pa chuma na shaba, na ndugu wa ukoo wa Johnson, katika jimbo la Indiana, wakatoa mashine nyepesi zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kisha, yapata katikati ya miaka hiyo, ikatoka mashine ya Johnson ya nguvu za farasi sita, na hapo likatokea jambo jipya.

Jambo lenyewe ni hili. Mashua ikienda polepole hulima maji kama jembe, na jinsi unavyoongeza nguvu ndivyo unavyoinua wimbi kubwa zaidi mbele yake, wala mwendo hauongezeki sana. Lakini mashua nyepesi yenye tumbo bapa, ikipewa nguvu za kutosha, huinuka ikateleza juu ya maji, kama kile kigae kitupwacho na watoto kikaruka-ruka juu ya ziwa. Mashine ile ya farasi sita iliweza kuinua mashua ndogo namna hiyo, ikaenda maili 16 kwa saa. Leo mwendo huo si kitu, lakini wakati ule mtu aliyezoea makasia alijiona kama ndege. Na watu wawili wakiisha kuwa na mashua ziendazo kasi, hakuna haja ya kuuliza litakalofuata. Kabla ya mwaka 1940 mashua za mashine kubwa kabisa zilikuwa zimepita maili 70 kwa saa.

Mashindano yalisimamiwa na vyama, na mkubwa wao ni American Power Boat Association, ulioanzishwa mwaka 1903. Ili mnyonge asishindanishwe na mwenye nguvu, mashine zilipangwa kwa madaraja ya herufi kwa kadiri ya ujazo wa silinda zake: daraja la B inchi za ujazo 20, daraja la C inchi 30, daraja la F inchi 60. Hivyo kijana mwenye mashine ndogo aliweza kupata kikombe chake kwa haki, bila kumwonea wivu mwenye mali.

Namna ya kuanza mbio ilikuwa ya ajabu, na twaisimulia kwa kuwa ilipima akili kuliko nguvu. Mashua haina breki, wala haiwezi kusimama mstarini, maana maji huisukuma huku na huku. Kwa hiyo saa kubwa iliwekwa mahali pa kuonekana na wote. Washindani walitoka gatini, wakawa wakizunguka huku wakiitazama. Mkono ulipokaribia juu, kila mmoja aligeuza omo kuelekea mstari, akatia mwendo wote, akijaribu kuuvuka mstari katika nukta ile ile mkono ulipotimia. Aliyechelewa nukta mbili alikuta maji yamekwisha chafuliwa na wenzake, na manyunyu yakampofusha macho. Aliyewahi, hata kwa kitambo cha kufumba jicho, mbio yake haikuhesabiwa, ijapokuwa alifika wa kwanza. Wazee wa mchezo huo walisema kwamba mbio nyingi zilishindwa au kupatikana kabla ya kona ya kwanza.

Sisi walimu twapendezwa sana na hesabu yao ya alama. Kwa desturi siku moja ilikuwa na mbio mbili. Wa kwanza alipata alama 400, wa pili 300, wa tatu 225, wa nne 169. Mwanafunzi mwangalifu ataona kwamba kila mmoja hupata robo tatu ya alama za aliyemtangulia. Sasa tazameni. Mtu akishinda mbio ya kwanza kwa fahari, na katika ya pili mashine yake ikazimika, ana alama 400 tu. Mwenziwe aliyekuwa wa pili mara zote mbili ana 600, naye ndiye mwenye kikombe. Hata aliyekuwa wa tatu mara mbili, mwenye 450, amempita. Hesabu hiyo yafundisha kuliko hotuba ndefu: heri chombo kifikacho kila siku kuliko kile kipitacho wote leo na kesho kikavutwa kwa kamba.

Basi watu hao walikuwa nani? Walikuwa mafundi wa gereji, wenye maduka, wakulima, na wanafunzi wa vyuo, kwa maana katika miaka ya 1930 vyuo vikuu vya mashariki ya Marekani vilishindana vyenyewe kwa vyenyewe. Wanawake nao walikuwamo. Loretta Turnbull wa California alijulikana sana yapata mwaka 1930, akashindana na wanaume na kuwashinda. Mshindani wa ridhaa alikatazwa kupokea fedha. Zawadi yake ilikuwa kikombe, na jina lake katika gazeti la mji. Juma zima alifanya kazi yake, usiku akawa chini ya taa akiilainisha rafadha kwa tupa, akiipima na kuilainisha tena, kwa kuwa rafadha mbaya hula nguvu zote za mashine njema. Siku ya mwisho wa juma mashua iliwekwa juu ya gari, mke na watoto wakapanda, wakasafiri maili nyingi kwenda kushindana kwa dakika chache.

Wengi wa watu hao hukumbuka harufu kwanza. Mashine za mbio zilitumia alkoholi iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, na moshi wake una harufu tamu ya pekee. Mtu aliyekuwa mtoto katika gati zile aliweza kuinusa baada ya miaka hamsini, na mara moja akamkumbuka baba yake.

Mashindano magumu yalikuwa yale ya mto Hudson, kutoka Albany hata New York, yaliyoanza mwaka 1928. Mwendo wake ni maili 130 na zaidi. Washindani walipiga magoti katika mashua ndogo kwa saa kadhaa, katika baridi, huku wakiepa magogo yaeleayo na mawimbi ya meli kubwa. Wengi walioanza hawakufika. Waliofika, miguu yao ilikufa ganzi, mikono ikatetemeka, lakini walirudi tena mwaka uliofuata.

Vita vya pili vya dunia vilisimamisha mchezo, kwa kuwa petroli na vyuma vilitakiwa kwa vita. Mwezi wa Machi 1945, mashine za Evinrude zilisukuma mashua za askari wa Marekani walipouvuka mto Rhine. Vita vilipokwisha, viwanda vya zamani havikurudi mara moja kutengeneza mashine za mbio, na washindani wakaendelea kuzitunza zile za kabla ya vita, wakichonga vipande vyake kwa mikono yao wenyewe.

Ndipo ikaenea mashine ya Mercury. Mwenye kiwanda chake, Carl Kiekhaefer, alinunua karakana ndogo katika Cedarburg, Wisconsin, mwaka 1939. Ndani yake alikuta mashine zilizokataliwa na mnunuzi kwa ubovu. Badala ya kuzitupa alizifungua, akazitengeneza, akaziuza kwa mnunuzi yule yule, naye akataka nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 lilianzishwa daraja la mashine za kawaida, ambamo kila mashine ilipaswa kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Katika daraja hilo mshindi hakujivuna upesi. Mbio zikiisha, wakaguzi waliifungua mashine yake, wakapima vipande vyake. Kama kimoja kilipunguzwa au kuongezwa isivyo halali, ushindi wake uliondolewa mbele ya watu wote. Je, si vema kama kazi zetu nyingine, hata za ofisini, zingepimwa namna hiyo baada ya sifa kutolewa?

Katika miaka ya 1960 na 1970 viwanda viliingiza fedha nyingi katika mbio kubwa, na mtu wa ridhaa akabaki na mashindano madogo ya mitaani kwao. Hata majina makubwa yalipita. Kampuni iliyomiliki Johnson na Evinrude ilifilisika mwezi wa Desemba 2000, na utengenezaji wa mashine za Evinrude ukakoma mwaka 2020. Lakini watu wa ridhaa wangali wakishindana, na wengine huzikusanya mashine za kale, wakaziwasha mara kwa mara ili wajukuu wazisikie.

Sasa tufike kwa jambo tuliloahidi. Watu hao walijifunza mapema kwamba adui wa mpanda mashua si maji peke yake. Mtu akirushwa nje, na mashine ikiendelea kuwaka, mashua haiendi zake moja kwa moja. Rafadha ikizunguka huipindua mashine upande mmoja, na mashua huanza kuzunguka duara, ikamrudia yule aliye majini. Kwa sababu hiyo mashua za mbio zilifungwa mkono wa mwendo wa kubana kwa kiganja: ukiuachia, nguvu hupungua papo hapo. Baadaye ukaongezwa uzi mfupi, upande mmoja umefungwa kwa mpanda, na upande wa pili kwa swichi. Mtu akianguka, uzi huchomoka na mashine huzimika. Walivaa pia koti la kuelea na kofia ngumu. Jambo lililoanza kuzoeleka katika mchezo limekuwa sheria ya watu wote: tangu tarehe 1 Aprili 2021, nchini Marekani aendeshaye mashua ya mashine yenye urefu chini ya futi 26 hulazimika kutumia kizimio hicho akiwa katika mwendo.

Ndugu zetu wavuvi na manahodha, mashine nyingi zilizo mikononi mwenu leo zina uzi huo, mara nyingi wa rangi nyekundu. Mara ngapi tumeuona umefungwa kwenye mashine yenyewe, au umetundikwa msumarini, kwa kuwa eti wasumbua mkono? Uzi usiofungwa kwa mtu ni pambo tu. Ufunge kiunoni au mkononi kabla ya kuwasha. Vaa koti la kuelea; lililokaa chini ya nyavu halimsaidii mtu aliyekwisha anguka. Chukua plagi ya akiba, na spana yake, na makasia mawili, maana hata Ole Evinrude alianza na makasia.

Nanyi vijana mlioko vyuoni, watu tuliowataja hawakungoja kupewa mashine mpya. Walifungua za zamani, wakazielewa, wakazirudishia nguvu. Elimu ya namna hiyo haihitaji ziwa la Wisconsin. Yaweza kuanza juu ya meza yoyote yenye taa, tupa na kitambaa safi.

Hapa ndipo tukomeapo leo. Twawatakia wasafiri wote wa majini safari njema, na wale wawangojeao pwani usingizi wa amani. Kwa herini.