Mapato na Matumizi Yasomwe Kijijini

Msikilizaji wa Ngara na Biharamulo, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi yanapopaswa kusomwa: michango ya ujenzi wa darasa, mabati yaliyonunuliwa, bei yake. Watendaji husema mahudhurio ni hafifu. Mara nyingi ni kweli, lakini watu huchoka kuitwa kusikiliza matangazo tu. Wengine hudai wanakijiji hawaelewi hesabu. Hoja hiyo siikubali hata kidogo: mkulima wa kahawa wa Rulenge anayefuatilia makato ya kila kilo kwenye chama chake cha msingi hatashindwa na risiti ya mabati. Taarifa ibandikwe ubaoni mapema, ili mtu wa Nyakahura aje na swali lake tayari.