Mhakiki Ajitambulishe Kwanza: Nasaba na Mizani katika Mapitio ya Vitabu vya Kiswahili, kwa Kuzingatia Morogoro na Milima ya Uluguru



Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni ndogo kwa umbo lakini matokeo yake ni makubwa. Inahusu sentensi chache ambazo aghalabu hazionekani katika mapitio ya vitabu vya Kiswahili, nazo ni zile ambazo mhakiki angejitambulisha kwazo kwa wahakiki wenzake na kwa wasomaji: yeye ni nani mbele ya kitabu anachokihukumu, na anakipima kwa mizani gani. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba sentensi hizo ni sehemu ya uhakiki wenyewe. Zikikosekana, msomaji hupewa hukumu asiyoweza kuipima.

Ni vyema kuanza na yule ambaye mapitio huandikwa kwa ajili yake. Achukuliwe, kwa mfano, mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari iliyoko Matombo au Mgeta, juu katika Milima ya Uluguru. Fedha za kununulia vitabu ni kidogo, na duka la vitabu liko mjini Morogoro, chini ya milima. Mwalimu huyo hana nafasi ya kufungua kila riwaya na kuionja kabla ya kuinunua. Hutegemea macho ya mtu mwingine. Anasoma katika jarida kwamba riwaya fulani “ina lugha fasaha na maudhui mazito.” Fasaha kwa sikio la nani? Mazito kwa mizani ipi? Kama mhakiki hakusema, mwalimu ananunua kwa kubahatisha, na wanafunzi wake watakaa na matokeo ya bahati hiyo kwa miaka kadhaa.

Neno lenyewe

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kulitazama neno kujitambulisha kwa jicho la isimu. Shina lake ni tambua. Kiambishi cha usababishi hulifanya kuwa tambulisha, yaani kumfanya mtu atambue. Na kirejeshi ji- humrudisha mtendaji kuwa ndiye anayetambuliwa. Kwa muundo huo, kazi ya kitenzi haijakamilika mpaka msikilizaji awe ametambua. Mtu anaweza kujitaja bila kujitambulisha. Jina na cheo vilivyochapwa chini ya makala humtaja mhakiki. Havimwambii msomaji jinsi ya kumsoma. Hapo pia ndipo kujitambulisha kunapotengana na kujisifu: anayejisifu humpa msikilizaji sababu za kumheshimu, ilhali anayejitambulisha humpa msikilizaji njia ya kumpima.

Neno hakiki nalo lina asili ya Kiarabu na liko katika ukoo mmoja na haki. Katika matumizi ya ofisini, kuhakiki ni kuthibitisha ukweli wa jambo. Mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilipofanya uhakiki wa watumishi wa umma ili kuwabaini watumishi hewa, kila mtumishi alitakiwa kuonyesha vielelezo vyake. Katika fasihi, desturi imekuwa kinyume: kitabu ndicho hutakiwa kuonyesha vielelezo vyote, na mhakiki hapiti mlango huo.

Nasaba mbili za Uluguru

Milima ya Uluguru inatoa mfano mzuri wa namna mtu anavyotambulika kwa ukamilifu. Waluguru hufuata nasaba ya mama. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, nao huitwa lukolo. Na kwa desturi, haki ya kutumia ardhi ilipitia katika ukoo huo. Hata hivyo, upande wa baba haufutiki, kwani mtoto huchukua pia jina linalotokana na ukoo wa baba yake. Kwa hiyo, anayetaka kumfahamu mtu barabara hana budi kujua pande mbili: alikozaliwa, na jina alilopewa kulibeba.

Mhakiki naye ana nasaba mbili. Ya kwanza ni malezi yake: lugha aliyoinyonya, mahali alipokulia, shule alizopitia, vitabu alivyovipenda kabla hajajua kuna kitu kiitwacho nadharia. Ya pili ni ile aliyoichukua kwa hiari ukubwani: umuundo, umaksi, ufeministi, au mkabala mwingine wowote. Wahakiki wengi wa Kiswahili huitaja hii ya pili, kwa kuwa vyuo vikuu huidai katika kila tasnifu. Ya kwanza hunyamaziwa, ingawa mara nyingi ndiyo inayoamua.

Mfano uliopo karibu ni suala la ufasaha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia usanifishaji huo. Ulikuwa uamuzi wa kiutendaji kwa ajili ya shule na vitabu. Lakini mhakiki aliyelelewa pwani anaposoma riwaya ambayo wahusika wake ni wakulima wa mlimani, na akakuta katika mazungumzo yao maneno ya Kiluguru, anaweza kuyahesabu kuwa makosa. Mhakiki aliyelelewa Morogoro anaweza kuyaona kuwa ndiyo uhai wa wahusika. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo. Kinachohitajika ni sentensi moja ya kumwonyesha msomaji kila mmoja amesimama wapi. Wahenga walikwisha kulisema hili: mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

Vitabu vitatu na mizani yake

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni geni katika Kiswahili. Uhakiki wa ushairi una mapokeo ya heshima ya mhakiki kujiweka wazi, na vitabu vitatu vinatosha kuyadhihirisha.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Mwaka 1986 Jumanne Mayoka akatoa Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Kati ya kitabu cha kwanza na cha mwisho kulikuwa na mjadala mkali, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi yasiyofuata urari wa vina na mizani. Amri Abedi, aliyefariki mwaka 1964, hakuushuhudia mjadala huo, lakini kitabu chake kilikuwa miongoni mwa silaha zake. Mulokozi na Kahigi waliutetea ushairi mpya. Mayoka aliutetea ule wa kimapokeo.

Pamoja na tofauti zao, vitabu hivi vinafanana kwa jambo moja ambalo majina yake yenyewe yanalitangaza. Kila kimoja kimeweka nadharia na diwani ndani ya jalada moja. Mwandishi anatoa kipimo chake, kisha anatoa kazi yake mwenyewe ipimwe. Msomaji asiyekubaliana na sheria anaweza kufungua kurasa za mashairi na kuona sheria hizo zilizaa nini. Hakuna kujitambulisha kulikokamilika kuliko huko. Pengine ndiyo maana mjadala wa ushairi, pamoja na ukali wake, umeacha elimu: kila upande ulijulikana ulikosimama, na msomaji wa leo anaweza kuufuata hatua kwa hatua.

Mapitio mengi ya riwaya na tamthilia hayakurithi desturi hiyo. Humo mizani hufichwa nyuma ya vivumishi kama “nzuri,” “nzito,” “dhaifu” na “ya kuvutia.”

Kipimo kitokane na kinachopimwa

Kujitambulisha hakuishii kwenye kutaja mizani. Ni lazima pia mizani hiyo ikifae kinachopimwa. Mkoa wa Morogoro una mfano bora katika kazi za Profesa Penina Muhando, ambaye pia hufahamika kama Penina Mlama, mzaliwa wa Berega. Katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kitabu alichokiandika pamoja na Ndyanao Balisidya na kuchapishwa mwaka 1976, sanaa za maonyesho zilipewa sifa nne za msingi: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Kwa kipimo hicho, sherehe za jadi zilipata nafasi yake bila kulazimishwa kuwa na jukwaa, pazia na maandishi. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilizichunguza sanaa za maonyesho za Wakaguru, majirani wa Waluguru, kama chombo cha elimu. Msomaji anayejua kwamba mtafiti huyu ametoka Ukaguru hupata faida mbili: anaelewa alikoyapata macho ya kuona sanaa pale wengine walipoona desturi tu, na anajua pia mahali pa kumhoji.

Historia ya milima hii ina funzo la upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru, uliowataka wakulima wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walikuwa na kipimo chao, na mmomonyoko ulikuwa jambo la kweli. Lakini mahali pengi uchimbaji huo ulifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufunika ule mzuri, huku ukiwalemea watu kwa kazi. Mwaka 1955 wananchi walipinga kwa nguvu, na mpango ukavunjika. Upande wa Mgeta, penye kilimo cha mboga, matuta yaliweza kudumu. Kipimo kilikuwa kimoja. Milima ndiyo iliyotofautiana. Mhakiki anayepima utenzi, riwaya ya upelelezi na kitabu cha watoto kwa mizani moja hana budi kuukumbuka udongo wa Uluguru.

Udugu, utani na ukweli

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Huenda ikasemwa kwamba kitabu kijitetee chenyewe na hoja ijitegemee, awe nani anayeisema. Kwa ajili hiyo majarida ya kitaaluma huficha majina ya wasomaji wanaopitisha makala. Utaratibu huo ni mwema kwa kazi yake, ambayo ni kuchuja kabla ya kuchapisha, na mhariri huwa anawajua wote. Mapitio yaliyochapishwa yana kazi nyingine: yanamshauri mtu atumie fedha na muda wake. Mshauri asiyejulikana hana dhamana.

Dhamana hiyo ni muhimu zaidi kwa kuwa jumuiya ya fasihi ya Kiswahili ni ndogo. Mwandishi wa leo ni mhakiki wa kesho; mwalimu aliyesimamia tasnifu huja kuandika dibaji ya mwanafunzi wake, kisha mwanafunzi akaandika mapitio ya kitabu cha mwalimu. Si rahisi kumpata mhakiki asiye na udugu wowote na mwandishi, na haifai kudai apatikane. Kinachowezekana ni kuutaja udugu huo. Sentensi inayosema “mwandishi wa kitabu hiki alimfundisha mhakiki” haiondoi thamani ya sifa zinazofuata; humwezesha msomaji kuzipima.

Desturi ya utani, inayofahamika vizuri Morogoro na kwingineko Tanzania, inaeleza jambo hili kuliko nadharia nyingi. Msibani, mtani hufanya kazi na kutania. Husema juu ya marehemu na wafiwa maneno ambayo ndugu wa damu hawawezi kuyasema, na hakuna anayekasirika. Ruhusa hiyo haitokani na ulimi mtamu. Inatokana na uhusiano unaojulikana na wote waliopo. Maneno yaleyale yakitamkwa na mpita njia ni matusi. Mhakiki anayetaka kusema kasoro za kitabu waziwazi anahitaji ruhusa ya namna hiyo, na njia ya kuipata ni kujulikana kwanza. Asiyejulikana hubakiwa na mambo mawili: kusifu kila kitu ili asimuudhi mtu, au kukemea akadhaniwa ana chuki.

Hitimisho

Mhadhara huu unapendekeza kwamba wahariri wa majarida, magazeti na kurasa za vitabu wadai mambo matano kwa kila mapitio. Kwanza, sentensi moja ya malezi: mhakiki ametoka katika lugha na mazingira gani yanayogusa kitabu hiki. Pili, sentensi moja ya mizani: anatafuta nini katika kazi ya aina hii. Tatu, sentensi moja ya uhusiano wake na mwandishi au mchapishaji, kama upo. Nne, kila hukumu iambatane na ushahidi wa ukurasa, ili msomaji mwenye mizani nyingine aweze kupima upya. Tano, mhakiki aseme kitabu kinamfaa nani. Mambo matatu ya kwanza hayazidi aya moja. Yakizidi hapo, mhakiki ameanza kujisifu.

Vyuo vikuu vilivyoko Morogoro, kikiwemo Chuo Kikuu cha Mzumbe, vimezungukwa na shule zinazohitaji ushauri wa namna hii. Walimu wa shule hizo wanaweza pia kuandika mapitio yao wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaoviona vitabu vikisomwa darasani. Mwalimu wa Mgeta akiandika kwamba amefundisha riwaya fulani kwa miaka mitatu, kwamba wanafunzi wake wengi huzungumza Kiluguru nyumbani, na kwamba sura ya nne huwachosha kwa sababu anazozitaja, mwenzake wa Matombo atajua la kufanya na fedha zake.