Nyumba Iliyongoja Bunge

(Maneno tuliyowaambia wanachama wa tawi katika mkutano wao wa jioni. Yamechapwa kwa ombi lao.)



Mlitutaka tuzungumze habari za uchaguzi. Sisi tumeona afadhali tuanze na nyumba. Nyumba hiyo haiko kwetu. Iko Uskoti, katika mji wa Edinburgh, kwenye mteremko wa kilima kiitwacho Calton. Hata hivyo mji huo si mgeni kwetu kabisa. Mwalimu Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh toka 1949 mpaka 1952, na miaka hiyo nyumba tunayoisema ilikuwa shule iliyojaa wavulana.

Shule yenyewe yaitwa Royal High School. Aliyeichora ramani, Thomas Hamilton, alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo zamani. Ilimalizika mwaka 1829, kwa mfano wa mahekalu ya Wagiriki wa kale, yenye nguzo nene za mawe zilizopangwa mstari mmoja. Mtu akiitazama kutoka barabarani hudhani ni baraza la wafalme, kumbe ni mahali pa kufundishia watoto. Sisi tuliosomea ualimu twapenda jambo hilo, na mtatusamehe tukilitaja. Mwaka 1968 shule ikahamia pembeni mwa mji, na nyumba ikabaki bila wenyewe.

Basi sasa njooni kwenye kura. Tangu 1707 Waskoti hawakuwa na Bunge lao. Wabunge wao walikwenda kuketi London. Madai ya kuwa na baraza lao wenyewe yalipata nguvu katika miaka ya 1970. Katika uchaguzi wa Oktoba 1974 Chama cha Taifa cha Uskoti kilichukua viti 11, na Serikali ya chama cha Labour ikaona maji yamefika shingoni. Ikaahidi baraza. Ile shule ya kilimani ikachaguliwa kuwa mahali pake, na ukumbi wa mikutano ya wanafunzi ukatengenezwa upya uwe ukumbi wa majadiliano. Nyumba ikawa tayari kabla ya kura kupigwa.

Hapa tusikilizane vizuri, maana ndipo penye kisa. Mbunge mmoja wa Labour aitwaye George Cunningham, Mskoti kwa kuzaliwa lakini mwakilishi wa watu wa London, alitia kifungu katika sheria. Kifungu kilisema haitoshi waliosema Ndiyo kuwazidi waliosema La. Lazima waliosema Ndiyo wafike watu 40 katika kila 100 walioandikwa katika daftari la wapiga kura. Kura ikapigwa tarehe 1 Machi 1979. Waliosema Ndiyo walikuwa 1,230,937. Waliosema La walikuwa 1,153,502. Mtoto wa shule ya msingi atawaambieni nani ameshinda. Lakini wakachukua daftari. Katika kila 100 walioandikwa, 33 hivi walisema Ndiyo, 31 hivi walisema La, na 36 hawakupiga kura kabisa. Thelathini na tatu si arobaini, basi baraza halikuwako.

Tazameni, ndugu, kazi ya kifungu kile. Mgonjwa aliyelala kitandani alihesabiwa na wa La.   Wazee wetu waliokuwako wakati wa kura tatu za 1958 katika Tanganyika hawatashangaa. Wao walikwisha kuona kwamba mwenye kutunga masharti ya kura amekwisha kupiga kura ya kwanza.

Hasira za jambo hili ziliiangusha Serikali yenyewe. Tarehe 28 Machi 1979 wabunge wa Chama cha Taifa waliungana na wapinzani katika kura ya kutokuwa na imani, na Serikali ikashindwa kwa kura moja tu, 311 kwa 310. Ukafuata uchaguzi wa Mei. Chama cha Taifa kikateremka kutoka viti 11 mpaka viwili, na chama cha Conservative cha Bibi Thatcher kikashika madaraka. Hatusemi walifanya vibaya, wala hatusemi walifanya vizuri. Twasema walilipa.

Ile nyumba je? Ikakaa kimya na ukumbi wake mpya. Miaka ikapita. Katika uchaguzi wa 1987 Conservative walipata viti 10 tu katika 72 vya Uskoti, na wakatawala Uskoti. Mwaka 1992 wakapata 11, na wakatawala tena. Usiku wa matokeo hayo ya Aprili 1992 watu kadha walikwenda wakasimama chini ya kilima, karibu na lango la shule ya zamani. Wakawasha moto, wakaweka kibanda, wakaanza kukesha kwa zamu. Hawakuondoka kesho yake. Walikaa siku 1,980. Mwenye kujua baridi ya kule atajua maana yake. Twataka mlitie jambo hili akilini: watu hao hawakukesha mbele ya ofisi ya waziri kwa kubahatisha mahali. Walichagua nyumba ambayo kila Mskoti, akiiona, alikumbuka alichonyimwa.

Labour waliporudi madarakani mwaka 1997, kura ikapigwa tena tarehe 11 Septemba, na safari hii hapakuwa na kifungu cha arobaini. Watu 74 katika kila 100 waliopiga kura walisema Ndiyo. Wengi wakadhani nyumba imepata wenyewe. La! Donald Dewar, waziri aliyeshika mambo ya Uskoti, aliikataa. Ilisemwa ni ndogo na haifai kwa kazi za Bunge la sasa. Ilisemwa pia kwamba hakuipenda kwa sababu imekuwa alama ya wazalendo. Sababu ya kwanza twaweza kuikubali. Bunge la watu 129 na makarani wao lahitaji nafasi. Hiyo ya pili, kama ni kweli, twaiona ndogo sana kwa mtu mkubwa kama yeye.

Likajengwa Bunge jipya huko Holyrood, kwa ramani ya Mhispania Enric Miralles. Mwanzoni Serikali ilitaja gharama ya paundi milioni 10 mpaka 40. Ilipomalizika ilikuwa milioni 414, na miaka mitatu imepotea. Dewar na Miralles wote wawili walifariki mwaka 2000, hawakuliona likifunguliwa Oktoba 2004. Waskoti bado hawajapatana juu yake: wako wasemao ni aibu ya fedha, na wako wasemao ni kazi bora, nao wana ushahidi, maana lilipewa tuzo kubwa ya majengo ya Uingereza mwaka 2005.

Nyumba ya kilimani nayo ikakutana na wafanya biashara. Halmashauri ya mji ndiyo mwenye mali, na ikakubali mpango wa kuigeuza hoteli ya kifahari. Ramani zikaja na mabawa marefu mawili kushoto na kulia, na wenyeji wakayatania kuwa masikio ya Mickey Mouse. Wapinzani wakaandika barua, wakahudhuria vikao, wakawasumbua madiwani. Mwaka 2015 mpango ukakataliwa. Ukaletwa mwingine, ukakataliwa 2017. Wenye hoteli wakakata rufani, nayo ikatupwa mwaka 2020 na mawaziri wa Uskoti, yaani Serikali inayowajibika kwa Bunge lile lile ambalo nyumba ililingoja. Mpango ulioshinda mwishowe ni wa kuifanya nyumba ya muziki.

Mwenyekiti anatuonyesha saa. Tumeleta karatasi yenye hesabu za 1979, itapitishwa sasa safu kwa safu. Mwenye swali juu ya ile arobaini na aanze.